Maji ya akiba katika mashua ndogo ya tanga: madumu, mfuko laini au chupa?

Mwanatanga
Mabaharia wenzangu, salaam. Mimi na mwenzangu tunajiandaa kwa safari ya siku 18 hivi bila kugusa nchi kavu, kwa mashua ya tanga yenye urefu wa mita 9 ambayo tangi lake la ndani huchukua lita 90 tu. Tumejiwekea kipimo cha lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, kwa kuwa vyombo na miili tutaosha kwa maji ya bahari. Hesabu hiyo inatoa lita 144, na tukiongeza nusu yake kwa ajili ya shwari au mlingoti kuvunjika tunafika lita 216. Pengo basi ni lita 126. Nimebaki na njia tatu: madumu magumu ya lita 20, mfuko laini wa lita 130 utakaolazwa chini ya kitanda cha omo (sehemu ya mbele ya mashua), au chupa za lita 1.5 zilizopenyezwa kila pembe. Ninauelekea mfuko, kwa sababu hujazwa mara moja na hukaa vizuri hata penye nafasi iliyopinda. Naomba mnikosoe.

Tezi na Omo
Ndugu Mwanatanga, mfuko nimeutumia kwa misimu miwili na sifa ulizoutaja nazo ni za kweli. Tatizo ni msuguano. Katika safari yangu ya mwisho kulikuwa na ncha ya skrubu iliyochomoza kwenye ubao, ndogo kuliko punje ya mchele, ambayo niliipapasa kwa mkono kabla ya kuondoka nisiione. Kila chombo kilipokwenda mrama, mfuko ulijisugua hapo. Siku ya sita nilifungua sakafu nikakuta maji ngamani (sehemu ya chini kabisa yanakokusanyika maji yaliyovuja), nikachovya kidole na kulamba. Yalikuwa matamu. Baharia hufurahi maji ya ngamani yakiwa matamu, kwa maana mbao hazivuji, lakini mimi siku hiyo nilitamani yangekuwa ya chumvi.

Ukiuchukua hata hivyo, tandika zulia nene chini yake na uufunge kwa mikanda, maana mfuko uliobaki nusu hukimbiza maji yake upande ule ule ambao mashua inalalia. Tena mahali ulipopachagua si pazuri: lita 130 ni kilo 130, na uzito huo ukikaa omoni, mashua ya mita 9 itachomeka katika kila wimbi badala ya kulipanda.

Farumi
Ninaunga mkono madumu, ila si ya lita 20. Dumu la lita 20 ni kilo 20 na zaidi, na mtu mwenye nguvu nyumbani hugeuka mnyonge anapolazimika kulinyanyua kutoka chini ya sakafu huku mkono mmoja umeshika nguzo ili asianguke. Ya lita 10 humiminwa bila kumwagika na hupangika chini, karibu na mlingoti, juu ya mkuku (uti wa chini wa mashua), ambako uzito wake hufanya kazi ya farumi, yaani uzito wa kuituliza mashua. Yawe ya plastiki iliyokusudiwa vyakula, na kamwe yasiwe yaliyowahi kubeba mafuta, kwa sababu harufu ya dizeli haiondoki hata uyasuuze mara ngapi.

Wapo wanaoyafunga sitahani kwenye nguzo za ukingo. Mimi siyataki huko: uzito unapanda juu, jua linachakaza plastiki na kuotesha ukungu wa kijani ndani ya madumu yanayopitisha mwanga, na wimbi moja lililopanda sitahani laweza kuyang'oa pamoja na nguzo zenyewe. Nafuu pekee ni kwamba dumu la maji matamu lililoachiwa nafasi ya hewa huelea baharini; kwa hiyo weka mawili karibu na mlango, yakiwa na kamba, kwa siku ya kuihama mashua.

Shira
Msizidharau chupa. Kila moja ni tangi lake: ikipasuka mnapoteza lita moja na nusu, basi. Huingia katikati ya mataruma (mbavu za mashua), ambako dumu haliingii. Zibanzueni karatasi zake kabla ya kupakia, kwani zikilowa hubanduka na kuziba pampu ya ngama.

Joshi
Kwa nini hamtaji mashine ya kuchuja chumvi?

Farumi
Kwa sababu mashine hiyo hutengeneza maji, haiyahifadhi, ndugu Joshi. Husukuma maji ya bahari kwenye utando kwa shinikizo la takriban mara 55 ya hewa tunayovuta, kazi inayokula betri, na utando wenyewe huharibiwa na klorini na mafuta. Ikifa katikati ya safari, mnarudi kwenye swali lile lile. Mvua nayo ni nyongeza njema: milimita 10 juu ya turubai la mita 4 za mraba ni lita 40, mkishaacha matone ya kwanza yaoshe chumvi ya turubaini.

Mwanatanga
Nimebadili nia. Madumu 8 ya lita 10 na chupa 32 zinatoa lita 128, na mfuko nauacha. Je, madumu niyatie dawa?

Tezi na Omo
Kama maji ya bomba yamekwisha kutiwa klorini, inatosha. Yafunge vizuri na uyaweke gizani. Kama huna hakika nayo, tia matone 2 kwa lita ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, isiyo na manukato wala sabuni, yenye klorini ya asilimia 5 hadi 6, kisha subiri dakika 30. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi.

Anzeni na maji ya tangi. Kwa lita 8 kwa siku lapaswa kuwafikisha siku ya 11, na likikauka siku ya 8 mtajua kwamba ama linavuja ama mnatumia kupita kipimo, wakati madumu yote bado yana vizibo vyake.