Muziki wa filamu unaosimama bila picha: ni upi, na unausikiliza vipi?

Nota_Tatu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za humu.

Swali langu ni kwa wanaofuatilia muziki wa filamu, yaani ule uliotungwa kwa ajili ya picha zenyewe, si nyimbo za wasanii zinazochomekwa katikati. Kuna muziki unaokupandisha roho ukiwa mbele ya skrini, lakini ukiusikiliza peke yake unachosha ndani ya dakika tano. Mwingine hata usipoiona filamu unakukamata kuanzia noti ya kwanza. Tofauti inatoka wapi?

La pili, kwa nini albamu mara nyingi hailingani na filamu? Kipande ulichokipenda hakimo, kingine kimerefushwa, mpangilio nao umevurugwa.

Naomba msimwage orodha ya majina tu. Tajeni chombo kinachopiga, tukio lenyewe, na kitu cha kusikiliza hapo.

---

Nyuzi_Kumi

Kwa swali la kwanza nitakuambia jambo moja: angalia mtunzi amejinyima vyombo gani. Muziki unaosimama wenyewe mara nyingi una rangi chache zilizochaguliwa kwa makusudi, kwa hiyo sikio lina pa kushika hata picha isipokuwepo.

Chukua *Psycho* (1960). Bernard Herrmann alitumia nyuzi peke yake: fidla, viola, selo na besi za kusimama. Hakuna tarumbeta, hakuna filimbi, hakuna hata ngoma moja. Filamu ni ya nyeusi na nyeupe, naye alitaka sauti inayolingana na hali hiyo. Wasikilizaji wengi hawagundui kwamba sehemu kubwa ya muziki huo hupigwa kwa sodino, kile kibano kidogo kinachokaa juu ya daraja la fidla na kuifanya sauti iwe kavu, isiyong'aa. Tukio la mauaji bafuni linapofika, sodino zimetolewa. Ndiyo maana linapasua masikio kuliko sauti iliyoongezwa kwa kitufe tu.

Lisikilize hivi. Fidla za juu zinaanza kukwaruza noti moja. Makundi mengine yanaingia moja baada ya jingine, kila moja chini ya lililotangulia, mpaka nyuzi zote zinagongana. Baada ya mashambulizi hayo mwendo unaanguka ghafla, selo na besi zinabaki huko chini zikivuta polepole. Watu wanakumbuka nusu ya kwanza tu, lakini hiyo nusu ya pili ndiyo inayokuambia kwamba mambo yamekwisha. Mwongozaji Alfred Hitchcock alikuwa amepanga tukio hilo lipite bila muziki wowote, na aliposikia alichoandika Herrmann akabadili uamuzi.

Angalizo: usiusikilize kwa spika ya simu. Uzi wa chini kabisa wa besi ya kusimama hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo haiwezi kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Utasikia makelele ya juu tu, nusu ya kazi imepotea.

Wa pili ni *Chinatown* (1974). Muziki wa mtunzi wa kwanza ulikataliwa, akaitwa Jerry Goldsmith akapewa siku 10. Aliomba piano 4, vinubi 4, wapigaji 2 wa vyombo vya kugonga, kundi la nyuzi na tarumbeta moja. Basi. Piano hazipigwi kwa vidole muda wote, mahali pengine nyuzi zake za ndani ndizo zinazokwaruzwa, na ile baridi unayoihisi wakati hakuna kinachotokea kwenye skrini inatoka humo. Juu yake tarumbeta ya Uan Rasey inaimba peke yake. Ukitaka albamu moja ya kuanzia, anza na hii. Ni fupi na hakuna sekunde iliyowekwa kujaza nafasi.

---

Jalada_la_Zamani

Nachukua swali la pili. Sababu ni nne hivi, na zinafanya kazi pamoja.

Kubwa zaidi ni santuri. Upande mmoja wa santuri ya LP hubeba dakika 20 hadi 25 kabla sauti haijaanza kudhoofika, kwa hiyo filamu yenye muziki wa saa moja na nusu ilibidi ipunguzwe hadi dakika 40 au 45. Mtunzi akachagua, akaunganisha vipande viwili kuwa kimoja, akabadili mpangilio ili upande wa pili nao uanze kwa nguvu. *Star Wars* (1977) ilipata santuri mbili, na bado John Williams hakufuata mtiririko wa hadithi, alipanga kama onyesho la jukwaani. Hapo hakuna kilichovurugwa kwa bahati mbaya.

Pili, baadhi ya albamu ni rekodi nyingine kabisa. Ile ya *Jaws* ya 1975 ilirekodiwa upya kwa ajili ya kusikilizwa nyumbani, si zile kanda zilizowekwa kwenye filamu. Ndiyo sababu mwendo na urefu wa vipande unatofautiana na ulichokisikia kwenye filamu. Tatu ni malipo: rekodi za okestra za Marekani zikigeuzwa albamu, wanamuziki hulipwa tena, na kampuni nyingi zilikwepa gharama hiyo kwa kutoa albamu za nusu saa.

Ya nne ndiyo inayouma. Filamu huhaririwa baada ya muziki kurekodiwa. Mfano mbaya kuliko yote ni *Alien* (1979). Goldsmith aliandika ufunguzi wenye melodia pana, haukukubaliwa, akaandika mwingine wa sauti ngeni ngeni. Kisha ndani ya filamu vikachomekwa vipande vyake vya zamani kutoka *Freud* (1962), na majina ya mwisho yakapewa simfoni ya pili ya Howard Hanson. Anayependa muziki wa filamu hiyo kama ulivyoandikwa hana njia ila albamu. Toleo la 2007 la kampuni ya rekodi ya Intrada lina funguzi zote mbili, zisikilize zikifuatana uone ni kiasi gani filamu ingebadilika.

Kabla ya kununua, soma nyuma ya jalada mambo haya: jina la kiongozi wa okestra, mwaka wa kurekodi (si mwaka wa kutoka) na jumla ya dakika. Mwaka wa kurekodi ukiwa mbali na mwaka wa filamu, hiyo ni rekodi mpya ya watu wengine. Si lazima iwe mbaya. Muziki wa Alex North ulioondolewa kwenye *2001: A Space Odyssey* (1968) haukusikika kwa umma mpaka Goldsmith alipourekodi na kuutoa mwaka 1993. Lakini ujue unachonunua. *Blade Runner* iliwapa watu tabu hiyo hiyo: filamu ya 1982, mwaka huo ikatoka albamu ya okestra isiyopigwa na mtunzi wake Vangelis, ya kwake mwenyewe ikaja 1994, tena ikiwa na maneno ya waigizaji juu ya muziki.

---

Fremu24

Naongeza upande wa hesabu, maana hapo unaweza kujifunza hata kama husomi nota.

Filamu ya kawaida inakwenda fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, sawa na fremu 1,440 kwa dakika. Gawanya 1,440 kwa idadi ya fremu za pigo moja, unapata mwendo wa muziki. Pigo la fremu 12 ni mapigo 120 kwa dakika, la fremu 15 ni 96, la fremu 20 ni 72. Wakati wa kurekodi, wanamuziki husikia masikioni mlio wa kuhesabia uliopangwa kwa hesabu hiyo, ili noti iangukie kwenye fremu inayotakiwa.

Zoezi lake: chagua tukio la dakika 2 au 3. Litazame bila sauti, andika sekunde za mambo makubwa matatu au manne, mlango unafunguka, mtu anageuka, picha inahamia mahali pengine. Kisha sikiliza bila kutazama, andika sekunde ambazo muziki unabadili chombo, ufunguo au mwendo. Linganisha. Usitarajie kila mkato wa picha uwe na pigo lake, mtunzi mzuri anaacha mingi ipite na kugonga mmoja. Muziki unaogonga kila kitu ndio huo unaochosha ukiusikia bila picha, kwa sababu umejaa vishindo visivyo na sababu.

Kuna na kinyume chake. Mbio za mwisho za *E.T.* (1982) zilimshinda Williams kuzifuata fremu kwa fremu bila kuua mwendo wa okestra. Mwongozaji Steven Spielberg akazima picha, akamwambia aongoze kama yuko jukwaani, kisha akahariri filamu ifuate muziki. Dakika hizo zinapumua, zinaharakisha na kulegea zenyewe, na kwenye albamu hazikosi kitu.

---

Mlio_wa_Tama

Jambo la *Interstellar* (2014) liwekwe sawa, maana linarudiwa sana: kwamba kila tik inayosikika kwenye muziki wa ile sayari ya maji ni siku moja nzima duniani. Filamu inasema saa moja pale ni miaka 7. Miaka 7 ni siku kama 2,557, saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo sekunde moja ni siku 0.71. Tik zinakuja kila baada ya sekunde 1.25 hivi, inakuwa siku 0.89, kama saa 21. Karibu, lakini si siku kamili. Na kitu kikubwa zaidi cha kusikiliza humo ni ogani ya Temple Church ya London, iliyopigwa na Roger Sayer. Chombo kinachohitaji pumzi ya hewa kwenye filamu ya watu wanaoishiwa hewa!

Nikirudi kwa mleta mada, sikiliza *Black Panther* (2018). Ludwig Göransson alikwenda Senegal kufuatana na mwimbaji Baaba Maal, akarekodi wapigaji wa huko. Tama ni ngoma ya kwapani: kamba zinaunganisha ngozi mbili, mpigaji akibana kwa mkono ngozi inakazwa na sauti inapanda, akilegeza inashuka, ndiyo maana inaweza kufuata mpando na mshuko wa maneno. Massamba Diop anaifanya itamke jina la T'Challa, shujaa wa filamu. Ukishalishika pigo hilo utaanza kulisikia kila mahali, hata lilipofichwa chini ya vyombo vya shaba kama tarumbeta. Killmonger, adui yake, naye amepewa filimbi ya Wafula (Wafulani wa Afrika Magharibi), na Amadou Ba anapiga huku akitoa sauti ya koo ndani yake, chini kuna besi nzito ya mashine ya ngoma. Mtu wa nyumbani aliyekulia mbali, yote mawili yamo ndani ya kipande kimoja. Muziki huo ulistahili Oscar yake.

---

Nyuzi_Kumi

Naunga mkono hilo la tama. Kwa upande wa mada kubebwa na chombo, ongeza *Once Upon a Time in the West* (1968). Ennio Morricone alitunga mapema, muziki ukapigwa mahali pa kuigizia ili waigizaji na kamera waufuate. Kila mhusika ana sauti yake: Jill ana sauti ya mwimbaji Edda Dell'Orso isiyo na maneno, Cheyenne ana banjo na mluzi, yule asiye na jina ana kinanda cha mdomo (harmonika), Frank ana gitaa la umeme lenye mkwaruzo. Sasa angalia: kinanda na gitaa vimefungwa ndani ya kipande kimoja tangu mwanzo, wakati hadithi haijakuambia kwa nini watu hao wawili wanahusiana. Muziki unajua kabla yako.

---

Nota_Tatu

Asanteni sana, hii ndiyo niliyotaka. Mbona hakuna aliyetaja *Dunkirk*? Kwenye ukumbi ilinishika koo, kwenye albamu hapana.

---

Fremu24

Kwa sababu Hans Zimmer ameijenga juu ya hila ya sikio iliyoelezwa na Roger Shepard mwaka 1964. Sauti kadhaa zilizoachana kwa oktavu (noti ileile, ila juu au chini zaidi) zinapanda pamoja, ya juu inafifia huku ya chini ikiingia taratibu, ubongo unadhani mpando hauishi. Hakuna melodia inayofika mahali, na haikukusudiwa ifike. Picha ndiyo inayotoa nafuu, mashua inapotokea. Ukiondoa picha umebaki na hofu isiyo na mlango. Kama kazi ya filamu ni bora kabisa, nisingeipunguza noti hata moja, lakini kama albamu chukua vipande viwili uache.

Ukifanya zoezi la kulinganisha filamu na albamu, jihadhari na DVD za PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika. Hizo huendeshwa kwa fremu 25 badala ya 24, kila kitu kinakimbia kwa asilimia 4 na sauti inapanda karibu nusu toni, utadhani albamu ndiyo imerekodiwa kwenye ufunguo mwingine.

---

Nota_Tatu

Nitaitambuaje nakala ya namna hiyo?

---

Fremu24

Angalia urefu. Filamu ya dakika 120 ukumbini itasoma kama dakika 115 kwenye diski, bila tukio lolote kukatwa. Blu-ray nyingi hubaki kwenye 24, tumia hiyo ukiwa nayo. Ukiwa na PAL peke yake, programu nyingi za kuchezea video zina sehemu ya kasi: weka 0.96, na uzime chaguo la kulinda ufunguo, la sivyo mwendo utarudi lakini noti zitabaki juu.