Kundi la diski lina nafasi tele, seti ya data imekwama: hadi lini tutaangalia asilimia peke yake?

Ndugu wasimamizi wa hifadhidata na wa diski, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Ninasimamia Db2, mfumo wa hifadhidata wa IBM, kwenye kompyuta kuu ya kampuni moja ya bima hapa Marekani. Usiku wa kufunga hesabu za mwezi, saa nane kasoro, kazi ya kuingiza malipo ya wateja ilikatika kwa kosa la SQLCODE -904 (rasilimali haipatikani) lenye sababu 00D70014, huku konsoli ikiandika DSNP007I, yaani seti ya data (faili linalobeba data ya jedwali) imeshindwa kupanuliwa. Nilimpigia simu mwenzangu wa zamu upande wa diski. Alifungua skrini yake, akanijibu kwamba kundi la diski (diski nyingi zinazosimamiwa pamoja) lina asilimia 38 ya nafasi tupu na kwa hiyo tatizo si lake, kisha akaifunga tiketi kabla sijakata simu.

Nafasi hiyo haikutufaa kitu. Nilipoendesha LISTCAT, amri inayoonyesha maelezo ya seti, HI-A-RBA (mwisho wa nafasi iliyotengwa) na HI-U-RBA (mwisho wa iliyotumika) zilikuwa namba ileile, tarakimu kwa tarakimu, maana yake kila kilichotengwa kilikuwa kimekwisha kutumika, na chini yake ekstenti (vipande vya diski ambavyo seti huongezewa inapopanuka) zilijipanga hadi ya 255, ambayo ndiyo kikomo cha seti ya VSAM (aina ya faili za kompyuta kuu) isiyopewa ruhusa ya kukivuka. Aliyeunda eneo la jedwali linalokaa katika seti hiyo miaka mingi iliyopita aliandika SECQTY (ukubwa wa kila nyongeza, kwa kilobaiti) 7200, yaani silinda 10 za diski ya 3390 kila linapopanuka, na parameta ya MGEXTSZ, inayoiruhusu Db2 kukuza nyongeza hizo yenyewe, kwetu imeachwa kwenye NO. Pigeni hesabu wenyewe: silinda 10 mara 255 hazifikishi hata gigabaiti 2, ilhali seti hiyo imeruhusiwa kufika gigabaiti 4. Jedwali limekufa njaa mlangoni mwa ghala.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tulionywa. Tangu Jumatano ujumbe wa DSNP001I ulikuwa ukitokea kwenye konsoli, ukitaja jina kamili la seti na kilobaiti zilizobaki, na hakuna aliyeusoma, kwa sababu mfumo wetu wa tahadhari umeuweka pamoja na taarifa za kawaida zisizomwamsha mtu usingizini. Nimeomba mara tatu, kwa maandishi, ubadilishiwe daraja. Mara zote tatu nimejibiwa kwamba kengele zimeshazidi.

Wala siombi programu mpya ya gharama kubwa. Db2 yenyewe hutunza takwimu za papo kwa papo katika SYSIBM.SYSTABLESPACESTATS, na kwa mpangilio wake wa kawaida huziandika kila dakika 30. Safu za EXTENTS (idadi ya ekstenti), SPACE (nafasi iliyotengwa) na NACTIVE (kurasa zinazotumika) zote zimo humo, na faharasa, ambazo nazo hukwama vilevile, zina jedwali lao la SYSINDEXSPACESTATS. Swali moja fupi la SQL kila alfajiri lingetosha kutuonyesha ni seti ipi inakaribia ukingo. Ripoti inayopima kundi zima la diski haiwezi kuliona hilo hata ikitolewa kila dakika, na bado ndiyo ripoti pekee wakubwa wetu wanayoitambua.

Tiba niliifanya mwenyewe usiku uleule: nilibadilisha SECQTY iwe -1 ili Db2 ikadirie yenyewe ukubwa wa kila nyongeza, nikaendesha REORG, yaani upangaji upya wa data, ili seti iundwe upya kwa ekstenti chache, na kazi ya malipo ikaanza tena kumekucha. Jumatatu nikasoma katika taarifa ya tukio kwamba chanzo kilikuwa "uzembe wa upande wa hifadhidata". Taarifa hiyo haikuitaja DSNP001I hata mara moja.

Leo asubuhi nimeendesha swali lile la SQL kwa mkono. Maeneo mengine 11 ya majedwali yameshavuka ekstenti 200, na mabadiliko ya MGEXTSZ niliyoyaomba yamesukumwa hadi robo ijayo ya mwaka. Mliofanikiwa kuwashawishi watu wa diski waifuatilie seti mojamoja, naomba mnieleze mliweka kengele kwenye ekstenti ya ngapi, na ni nani kwenu anayeamshwa inapolia.