Aliyechora karatasi za kuunganisha hizi seva ndogo za nyumbani amewahi kushika bisibisi kweli?

Wakuu,

Nazungumzia hizi seti za seva (kompyuta ya kuhifadhia mafaili nyumbani) za diski mbili zinazokuja vipande vipande: keisi ya bati, bodi mama ya saizi ndogo ya mini-ITX yenye prosesa ya N100 ya Intel, adapta ya nje, kimfuko cha skrubu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Muuzaji simtaji. Ukishafungua boksi utamjua.

Karatasi haina sentensi hata moja. Mishale tu.

Skrubu kwanza. Mchoro una A, B, C na D, lakini kwenye kimfuko hakuna herufi yoyote, zote zimemwagwa pamoja kama dagaa. Sasa hizo si skrubu za aina moja! Diski ya inchi 3.5 inataka 6-32, skrubu ya vipimo vya inchi yenye meno mapana. Diski ya inchi 2.5 inataka M3, yaani ya milimita 3, meno yake yamepishana nusu milimita. Ile ya M.2, kadi nyembamba ya hifadhi inayochomekwa kwenye bodi, inafungwa kwa M2. Kwa macho, M3 na 6-32 ni ndugu. Ukiweka M3 kwenye tundu la 6-32 inacheza, diski inatetema na keisi nzima inanguruma. Ukilazimisha 6-32 kwenye tundu la M3 unakula meno ya alumini, na hapo waranti usahau. Ukipoteza 6-32 usihangaike maduka ya vifaa vya ujenzi, kule wanauza za milimita. Nenda kwa fundi kompyuta, atakuchomolea kwenye keisi ya mashine ya mezani iliyokufa.

Urefu nao hawakuandika. Chini ya diski ya inchi 2.5 skrubu isizame zaidi ya milimita 3. Wao wametia za milimita 6, na bati la trei ni milimita 1. Hesabu inabaki 5. Hizo mbili za ziada zinakwenda wapi? Kwenye saketi ya diski.

Halafu trei ina matundu ya katikati, wakati diski nyingi za uwezo mkubwa siku hizi hazina tundu la katikati kwa chini. Umbali kati ya tundu na tundu umetoka milimita 44.45 ukawa 76.2. Mtu anashika diski mpya anaigeuza na kuigeuza, anadhani kauziwa mbovu.

Kinachokera kuliko vyote ni mpangilio. Hatua ya 2: funga kizimba cha diski. Hatua ya 6: weka RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi). Nafasi ya RAM iko CHINI ya kizimba! Kwa hiyo unafungua tena skrubu nane ulizokwisha kukaza. Na RAM yenyewe wameandika "RAM", basi. N100 inakubali DDR4 au DDR5 (vizazi viwili vya RAM) kutegemea bodi, na haziingiliani: ya DDR4 ina pini 260, ya DDR5 ina 262, na pengo la katikati limehama. Bodi hizi nyingi zina nafasi moja tu, ukikosea huna pa kujaribia nyingine.

Fanyeni hivi, karatasi wekeni pembeni. Bodi iwe juu ya kadibodi mezani. RAM, M.2, skrini, kibodi, washa. Ukiona BIOS (skrini ya mipangilio ya bodi), zima na uchomoe. Kabla ya kuilaza kwenye keisi hesabu vinguzo vya shaba vinavyoinua bodi: mini-ITX ina matundu manne, kinguzo cha tano kikibaki chini ya bodi kinapiga shoti. Chomeka waya za mbele mapema. Swichi ya kuwashia haijali upande, taa inajali. Kizimba cha diski kiwe cha mwisho.

Naombeni na wengine mmwage yenu.

Jibu #2

Mkuu umesahau adapta. Wanaweka ya volti 12 ampea 5, yaani wati 60. Diski moja ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka inavuta karibu ampea 2 kwenye volti 12. Mbili ni 4, sawa na wati 48, na bodi bado haijala. Dalili: diski inazunguka kidogo, inalia tik, inasimama, mashine inajizima na kuwaka upya. Watu wanarudisha diski nzima kabisa. Tafuta ampea 8, lakini pima kichwa cha waya wa adapta kwanza. Nje ni milimita 5.5 zote, ndani kuna 2.1 na 2.5. Cha 2.1 hakiingii kwenye pini ya 2.5, cha 2.5 kwenye pini ya 2.1 kinaingia kwa ulegevu, kinachoma.

Jibu #3

Na diski isiyowaka kabisa, hata kutetema? Angalieni pini ya 3 ya umeme wa SATA (kiunganishi cha diski). Diski zenye uwezo wa kuzimwa kwa amri, ikipata volti 3.3 hapo zinabaki zimelala. Funika pini hiyo kwa kipande cha utepe wa kapton, usiopitisha umeme. Karatasi kimya!

Jibu #4

Sisi wa Mwanza tuongezewe ukurasa wetu. Adapta inakuja na plagi ya miguu miwili ya duara, mtu anachokonoa tundu la ethi kwa kalamu ili iingie. Inashika kwa ncha, inatoa cheche. Badilisheni waya, wekeni plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi. Ukigusa keisi ikakutekenya, ni umeme unaovuja kidogo kidogo kupitia kapasita za adapta isiyo na ethi.

Na mchoro unaoonyesha seva dirishani, kwa anayekaa Kirumba au Igombe ni utani. Wale wadudu wa ziwani wakitoka usiku wanafuata taa, feni inawavuta, asubuhi radieta ya kupoozea prosesa imejaa uji. Wekeni wavu wa mbu mbele ya feni, na muusafishe, la sivyo joto litapanda kuliko mlivyoanza.

Jibu #1 (mwenye uzi)

#4, wavu wa matundu mapana au ule mdogo kabisa? Mdogo unakaba feni ya milimita 80.

Jibu #4

Mapana mkuu, wa dirisha, si wa chandarua. Toa tu taa ya mbele, ukichomoa waya wake mashine haidhuriki, na wadudu wanapungua.