Viatu vya shule Gikomba: picha zinapendwa, hakuna anayenunua. Niandike nini?

Mama Kamau
Hamjambo. Nauza viatu vya shule vya mitumba Gikomba, vya ngozi, vimeoshwa na kupigwa rangi. Kila jioni naweka picha Facebook na kwenye stetasi ya WhatsApp, naandika: "Shule zinafunguliwa! Ofa kabambe, bidhaa bora, bei nafuu, karibuni wote." Watu wanalaiki, wanauliza bei, nikiwaita inboksi wananyamaza. Januari ndiyo msimu wangu. Nisaidieni na maneno.

Achieng wa Kayole
Mama Kamau, pole na kazi. Mimi huandikia maduka madogo kurasa zao. Tangazo hilo lingeweza kuwa la godoro au la unga. Mzazi yuko kwenye matatu, simu mkononi, orodha ya shule kwenye mkoba. Anatafuta saizi ya mtoto, bei, na mahali. Facebook hukata maandishi marefu, mengine yanabaki nyuma ya "Ona zaidi", na Instagram ni hivyo hivyo. Basi hayo matatu yakae mstari wa kwanza.

Na bei iandike hadharani, mama. Najua unahofia jirani wa kibanda ataiona ashushe yake. Lakini mteja akiitwa inboksi anahisi atakadiriwa kwa sura ya picha yake, anaondoka. Inaniuma kuona wauzaji waaminifu wakipoteza watu namna hii.

Halafu piga picha ya soli! Anayejua mitumba hugeuza kiatu kwanza. Kisigino kikiwa kimelika kidogo, sema. Stetasi hupotea baada ya saa 24, kwa hiyo huko weka vilivyopo leo tu. Facebook tangazo hubaki, kikiuzwa andika "kimeuzwa".

Baraka, Pipeline
Naunga mkono la bei. Niongeze moja: usiweke sura ya mtoto wa mteja akijaribu kiatu bila mzazi kukubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtoto, na mwaka 2023 klabu moja hapa Nairobi ilipigwa faini ya sh 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila ruhusa. Miguu tu inatosha.

Mama Kamau
Asanteni sana. Nimeandika hivi: "Viatu vyeusi vya ngozi vya shule, saizi 33 hadi 37, sh 650. Gikomba, upande wa Pumwani. Saizi 35 kisigino kimelika kidogo, hiyo sh 500." Niweke na namba ya till?

Achieng wa Kayole
Hapo sasa! Till usiweke bado. Watu wametapeliwa sana mtandaoni, wakiona namba ya kulipia kabla ya kiatu wanashtuka. Ongeza "unalipa ukishakijaribu", na anayetaka kuletewa mpigie video umwonyeshe soli zote mbili.