Unampiga bata mzinga akiwa amelala mtini, halafu unaniambia "kuku tu huyo"?!

MamaMsitu
Wakuu, naandika nikiwa bado ndani ya gari. Buti zimejaa tope, mikono inatetemeka, chai kwenye chupa sijaigusa. Jina simtaji. Mlioko huku Missouri mnamjua, na msiomjua mmeshamsikia akitamba kwenye kila nyama choma: yule wa pikapu nyeusi, yule wa "mimi bunduki nimezaliwa nayo".

Leo alfajiri, saa kumi na moja na dakika arobaini, amempiga bata mzinga akiwa AMELALA. Juu ya mti. Giza hata kidole changu sikioni. Sheria inasema kupiga kunaanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza, kwa hiyo zilikuwa zimebaki kama dakika ishirini. Mtu mzima ameshindwa kuvumilia dakika ishirini!

Ngoja nieleze, maana damu inachemka. Jioni mbili mfululizo nimekaa chini ya kile kilima nikiwasikiliza wakiruka kwenda kulala kwenye mialoni, mabawa yanapiga kama mtu anakung'uta mkeka. Nikahesabu saba. Sikuwasogelea. Leo nimeamka saa nane usiku, nimetembea bila tochi, nimeegemea shina mbali nao wasishtuke, kijisanduku cha kuigiza sauti ya jike kipo mapajani. Mpango ni ule anaoujua kila mwindaji mwenye adabu. Pakuche, dume alie mwenyewe, ashuke kwa hiari yake, mimi nimwite kwa sauti ya jike. Akija ndani ya hatua 40, nikaona ndevu kifuani, nikaona kichwa chekundu na buluu, na hakuna mwenzake nyuma yake, hapo ndipo. Asipokuja narudi nyumbani. Msimu uliopita nimerudi mikono mitupu asubuhi tisa na sikumlaumu ndege.

Bundi akalia kule bondeni. Dume akamjibu kutoka mtini, guluguluguluu, mpaka nikaisikia kifuani. Nikashika pumzi.

PAA!

Moto umewaka chini ya mti wenyewe! Kumbe jamaa alikuwa ananyata gizani akifuata sauti. Anafuata sauti, wakuu! Je, ingekuwa ni kijisanduku changu kinalia? Ndivyo watu wanavyopigwa marisau ya uso huku. Na ndani ya koti kavaa jezi nyekundu, rangi ya kichwa cha dume, rangi ambayo mwindaji wa bata mzinga haivai hata kwenye soksi.

Wameanguka wawili. Amepiga kivuli, marisau yametawanyika. Mmoja ni kidume cha mwaka mmoja, kindevu hakifiki urefu wa kidole. Wa pili ni jike, kakimbilia vichakani bawa linaburuta. Nikamwambia mfuate. Akanitazama, akacheka, na yule kidume bado anapigapiga majani miguuni pake, akasema:

"Kuku tu huyo, dada. Unalia nini?"

KUKU TU.

Nimemfuata mimi. Dakika hamsini natambaa kwenye miiba. Nimemkuta chini ya mwerezi, upande mmoja wa kifua manyoya yameng'oka, mdomo wazi, jicho limeshaanza ukungu. Na wiki hizi ndizo za kutaga! Jike anataga mayai 10 hadi 12 chini kwenye majani, kisha anaatamia siku 28. Jike asiye na ndevu msimu huu haruhusiwi, kwa hiyo sikumgusa. Nimempigia askari wa wanyamapori, nimekaa kando ya yule ndege mpaka amefika, nimemwonyesha kila kitu.

Mzee jirani yangu aliyenifundisha uwindaji huwa ananisimulia msimu wa kwanza wa 1960 baada ya ndege hawa kukaribia kwisha. Siku 3, kaunti 14, bata 94 waliopigwa jimbo zima. Tisini na wanne! Watu wametumia miaka kuwanasa kwa nyavu na kuwahamishia misitu mingine, ili leo mimi mtoto wa Tabora nikae gizani nisikie guluguluu. Halafu anatokea mtu na jezi yake, anampiga akiwa kitandani, na kwake yeye ni kuku tu.

Kuku gani anayesubiriwa jioni mbili? Kuku gani? Nawasilisha.

Jogoo la Shamba
Nimesoma yote. Swali moja: alilia guluguluu au alikuwa amelala? Chagua moja dada.

MamaMsitu
Kuamka si kutoka kitandani! Wewe ukikohoa alfajiri na shuka liko kichwani, umeshafika kazini?

Bi Mkubwa KC
Namjua huyo, wala usiendelee. Ndiye aliyekuja kwenye sherehe ya mwanangu na makopo sita ya kubebea pilau, watu hawajanawa mikono. Sishangai kaangusha wawili.

Mwananchi Halisi
Jezi nyekundu. Tangu lini watu wa timu ile wakasubiri filimbi ya kuanza?

Mnyama Damu
Yanga mnatutafuta hadi porini Marekani! Uzi wa ndege huu, tuachieni jezi yetu.

Mwananchi Halisi
Ndege wenyewe kapigwa akiwa amelala, kama mnavyoshinda mechi zenu.

Kaka Louisville
Pole sana dada. La kufuata sauti nalikazia. Mwaka juzi nimekaa na kijisanduku changu, naona buti la mtu linanijia taratibu, kanyanyua mtutu. Usipunge mkono hapo, mkono ukicheza anadhani ni ndege. Nilipiga ukelele "Mtu hapa!" mpaka sauti ikakauka. Hakuomba hata radhi, kaniuliza mbona nimemfukuzia bata. Halafu mjue hao bata wenu ni ndugu wa hawa wetu wa Kentucky. Walitoka huko Missouri, tukabadilishana na fisi maji.

Jogoo la Shamba
FISI MAJI?

Mzee Kijiti
Ni kweli kabisa, na hao fisi maji mliotuletea wamemaliza samaki kwenye bwawa langu. Kambare nimewalisha kwa mkono wangu miaka minne! Naamka asubuhi nakuta vichwa vimepangwa ukingoni. Huyo wa jezi angalau kachukua wawili. Mimi nimlalamikie nani?

Njoro254
Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo bunduki sijui. Ila jirani yangu hapa Ohio anawamwagia mahindi uani, anawapiga kupitia dirisha la jikoni akiwa na kandambili. Nikimsema ananiambia huko kwenu mna simba. Simba wa wapi na mimi nimekulia Nakuru mjini?

Jogoo la Shamba
Mama, turudi kwako. Ndege mfu ni mfu. Ungempiga wewe saa kumi na mbili angekushukuru?

MamaMsitu
Asingenishukuru. Ila angekuwa na nafasi ya kunikataa. Asubuhi tisa wamenikataa, wamesikia kijisanduku changu, wakageuka na kwenda zao, na nikawaacha. Yule wa leo hakupewa hata hiyo. AMELALA, mkuu. Amelala!

Mtoto wa Kondoa
Dada usije ukafika kijijini kwetu utazimia. Kanga wanalala mtini, mtu anapanda na tochi na kigunia, anawachuma kama maembe. Hatumii hata risasi. Binamu yangu mmoja alijaza kigunia, akashuka, tawi likavunjika, kigunia kikafunguka. Kanga wote wakaenda, yeye mguu.

MamaMsitu
Na hao aliwaita kuku tu?

Mtoto wa Kondoa
Hapana, hao bila kibali ni kesi. Hospitali alisema ameanguka kisimani.

Bi Mkubwa KC
Jamani, kuuliza si ujinga. Nyama ya huyu wa porini inakubali nazi? Mwaka jana nililetewa mapaja, nikayachoma, wageni wakatafuna mpaka sala ya isha.

Kaka Louisville
Mapaja hayachomwi mama yangu! Yana kano kama waya. Chemsha moto mdogo masaa matatu na tangawizi, nyama iachie mfupa yenyewe, ndipo utie tui. Kifua ndicho cha kukata vipande na kukaanga haraka.

MamaMsitu
Wakuu, kuna mtu alfajiri ya leo kampiga ndege akiwa AMELALA, akamwacha jike anaburuta bawa, na hapa tunagawana mapishi?

Bi Mkubwa KC
Tunakusikia mwanangu, pole. Kaka, tui la kwanza au la pili?

Kaka Louisville
La pili kwanza, zito mwishoni. Na usifunike.

Mzee Kijiti
Na fisi maji je, kuna aliyewahi kumla?