Kazi za babu zetu: baba mkubwa hataki mkonge uandikwe kwenye daftari la ukoo. Naombeni ushauri

Mjukuu_wa_Mpwapwa:
Wakuu, habari za jioni. Ukoo wetu una kikao Mpwapwa mwezi Desemba, na mimi nimekabidhiwa daftari la ukoo: jina, alikozaliwa, alikooa, kazi yake. Majina nimepata hadi kizazi cha tano. Kilichonikwamisha ni kazi. Nikimuuliza mzee yeyote "babu alifanya kazi gani?" anajibu "alilima, alifuga". Ukurasa mzima unasomeka mkulima, mkulima, mkulima.

Wakishaanza kupiga stori zao ndipo nasikia mengine. Babu mzaa baba aliendesha trekta Kongwa enzi za karanga. Baba yake alikwenda kukata mkonge Kilosa. Wa juu yake alibebeshwa mizigo ya jeshi kwenye vita ya Mjerumani na Mwingereza. Nilipotaja mkonge, baba mkubwa akakataa katakata, eti nitawaaibisha mbele ya wakwe. Ndiye mkubwa wetu na namheshimu, lakini inaniuma. Nifanyeje?

Msagali_Stesheni:
Mkuu, wazee wetu wakisikia "kazi" wanafikiria ajira ya ofisini. Uliza hela ya kodi ilipatikana wapi. Mkoloni alidai kodi kwa fedha taslimu, na mwaka wa ukame mtama haukutosha hata kula, achilia mbali kuuza. Hapo utasikia nani aliuza ng'ombe, nani alikwenda mashambani, nani alishika sururu kwenye gengi la reli.

Miaka usiwaulize kwa tarakimu, tumia matukio. Reli ilifika Dodoma 1910. Kabla ya hapo mzigo wa kwenda bara ulipita Ugogo kichwani mwa mtu. Mtunya, ile njaa kubwa, ilikuwa kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi kukomba ng'ombe, nafaka na vijana, kisha mvua ikagoma. Uliza: alikuwa ameoa Mtunya ilipoingia? Na mradi wa karanga Kongwa ulianza 1947, Waingereza wakauacha 1951, kwa hiyo trekta la babu yako liko katikati hapo. Uliza alifundishwa na nani kuendesha na baadaye ule ufundi aliupeleka wapi. Vijana wengi walishika usukani mara ya kwanza pale.

Mama_Bahi:
Mleta uzi, nimesoma mara mbili sijaona mwanamke. Bibi zako hawakuwa na kazi? Huku kwetu wapo waliokusanya chumvi mbugani, waliofinyanga vyungu, waliopika ujimbi, ile pombe ya kienyeji, wakasomesha watoto, waliozalisha kijiji kizima. Mama yangu mzaa mama alikuwa mkunga, na kwenye karatasi za familia ameandikwa "mke wa fulani". Nenda kwa shangazi zako kabla hujarudi kwa baba mkubwa.

Mzee_Kilimatinde:
Mwanangu, usibishane na baba yako mkubwa mbele za watu. Mfuate nyumbani kwake asubuhi, uwe na mdogo wake anayesikilizana naye. Usianze na mkonge. Mwombe akueleze babu yake alirudi na nini kutoka Kilosa. Kwetu vijana waliorudi walinunua ng'ombe, na ng'ombe hao wakatoa mahari. Inawezekana kabisa bibi yako aliolewa kwa jasho la mkonge, na huyo baba mkubwa akazaliwa humo. Aibu ilikuwa ya waliowalipa kidogo.

Binti_Hombolo:
Naungana na Mzee, ila naongeza: andika na ugumu wake. Mkonge ulikuwa na kadi ya kipande, unajaziwa siku 30 za kazi ndipo ulipwe, na siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haikuhesabiwa. Watoto wakiona "Kilosa" tupu watadhani alikwenda kutembea.

Mjukuu_wa_Mpwapwa:
Mama Bahi, umenigusa, nimeongeza ukurasa wa bibi zetu. Shangazi kaniambia kwa simu kwamba mama yao alifinyanga vyungu na kuvipeleka mnadani Kibaigwa, jambo ambalo baba hajawahi kulitaja. Mzee, kwa baba mkubwa nakwenda Jumamosi na baba mdogo. Swali moja limebaki: yule aliyebebeshwa mizigo ya jeshi hakupenda, alikamatwa. Niiandike kuwa kazi yake?

Mzee_Kilimatinde:
Hapana. Kwenye kazi andika alichokuwa anafanya siku walipomkamata. Hayo ya jeshi yape mstari wake, na useme alichukuliwa.