Tupeane uzoefu: mashambulio ya hofu yanayoletwa na presha ya kazi

Wakuu, salaam. Mimi ni afisa mikopo. Asubuhi unaulizwa marejesho, jioni unaulizwa waliolala, yaani wateja ambao hawajalipa, na mteja akihama usiku, deni linakufuata wewe. Tangu mwaka jana, mwisho wa mwezi ukikaribia, moyo unakwenda mbio ghafla, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, naona kabisa kwamba nakufa. Baada ya kama dakika 10 inatulia, nabaki hoi. Nimepimwa moyo kwa ECG, damu, hadi tezi ya shingo. Vyote viko sawa. Daktari kasema ni mashambulio ya hofu. Nyumbani wanasema ni majini. Aliyepitia haya, aliendeleaje na kazi?

Nesi wa Zamu: Pole sana ndugu yangu. Mimi yalinianza zamu za usiku, wodi nzima tuko wawili. Kilichonikomboa ni kuelewa mwili unafanya nini. Ukishikwa na hofu unahema harakaharaka, kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, ndipo ganzi na kizunguzungu vinapokuja. Kwa hiyo usivute pumzi kubwakubwa. Vuta kidogo kwa pua, toa polepole kwa mdomo, kutoa kuzidi kuvuta. Na ukiweza, baki hapohapo mpaka ipite. Ukitoroka kila mara utaanza kupaogopa mahali penyewe. Ila asiyewahi kupimwa moyo akapimwe kwanza, kifua si cha kukisia.

Keshia: Punguza kahawa, na vinywaji vya kuongeza nguvu achana navyo. Vinapandisha mapigo, na mapigo yakipanda hofu nayo inaamka.

Mwalimu wa Sekondari: Kwangu pumzi peke yake haikutosha. Nilikwenda kliniki ya afya ya akili, hospitali ya rufaa ya mkoa, nikapewa dawa na vikao vya ushauri nasaha. Dawa zenyewe huchukua wiki kadhaa kushika, usizikatie tamaa mapema wala kuziacha ghafla bila daktari. Habari ya majini sikubishana na mama. Alinisomea dua, nikaitikia amina, na kliniki nikaendelea.

Mleta mada: Asanteni sana. Nesi, kazini ulimwambia nani? Mkataba wangu unakaribia kuisha, naogopa kuonekana siwezi.

Nesi wa Zamu: Nilimwambia matroni peke yake, barua ya daktari mkononi. Niliomba jambo moja tu: zamu za usiku zisifuatane. Akanipangia upya. Nawe tafuta moja litakalokupa nafuu, labda kwa wateja sugu mwende wawili, ukaombe hilo.